Spektra ya ngozi inapogoma: dalili, chanzo na pa kuanzia

Ngozi ni sampuli korofi. Inatoa jasho, inatikisika moyo unapodunda, ina mafuta yake yenyewe, na juu yake kuna mabaki ya sabuni, losheni na vumbi la siku nzima. Ukiielekezea leza ukitaka ikueleze ina keratini (protini kuu ya ngozi) kiasi gani, maji kiasi gani na lipidi (mafuta) zipi, itakujibu yote hayo kwa mpigo, na kifaa chako nacho kitachomekea maneno yake humo humo. Kupata spektra, yaani grafu ya nguvu ya mwanga kwa kila urefu wa wimbi, ni rahisi. Ugumu uko katika kujua ni nani anayesema.

Kwa hiyo, kabla hujagusa programu ya kusafisha data, fanya jaribio la kubadilishana. Ondoa mkono wa mtu, weka kipande cha fuwele ya silikoni, kisha plastiki ya polistireni. Hitilafu ikibaki, chanzo ni kifaa au chumba. Ikitoweka, rudisha ngozi, pima sehemu nyingine ya mtu yuleyule, halafu pima mtu mwingine. Ni kazi ya dakika kumi, na nimeona watu wakipoteza wiki nzima kwa kuiruka. Mengi hapa chini ni ya spektroskopia ya Raman, yaani kusoma mwanga mchache wa leza unaotawanywa na molekuli ukiwa umebadilika rangi, kwa kuwa ndiyo inayotumika sana kwenye ngozi ya mtu aliye hai; infraredi nimeipa nafasi yake mbele kidogo.

Mteremko mrefu unaomeza vilele

Spektra inaanza juu kabisa, inashuka kama mgongo wa mlima, na vilele vya keratini vinaonekana kama vichuguu vidogo juu yake. Hiyo ni fluoresensi, mng'ao wa molekuli zilizofyonza mwanga wa leza. Mtawanyiko ambao C. V. Raman aliuonyesha huko Kolkata mwaka 1928 ni dhaifu mno: kati ya mamilioni ya fotoni zinazofika, ni moja hivi inayorudi na habari za molekuli. Ndiyo maana molekuli chache tu zinazong'aa zinatosha kuizima ishara hiyo.

Anza na vilivyopakwa. Krimu za kukinga jua, vipodozi na losheni zenye rangi hung'aa sana. Waombe watu wasipake chochote mahali pa kupimia tangu jana yake, osha kwa maji, kausha, acha ngozi itulie, kisha pima. Watu wengi hukimbilia kufuta kwa spiriti. Mteremko unapungua kweli, lakini spiriti inaondoka pia na lipidi ulizokuja kuzipima, na utabaki na spektra safi ya ngozi ambayo haikuwapo dakika tano zilizopita.

Mteremko ukibaki, angalia rangi ya leza. Kolajeni, elastini na porfirini zilizomo mwilini huamshwa zaidi na mwanga wa bluu na kijani, kwa hiyo leza ya nanomita 532 kwenye ngozi ni kujitafutia taabu, isipokuwa unawinda karotenoidi (rangi za asili kama ile ya karoti), ambazo mwanga wa bluu na kijani huzikuza mno kwenye vilele vya takriban 1156 na 1524 sm⁻¹ (idadi ya mawimbi kwa sentimita; kwenye Raman, ni tofauti kati ya mwanga wa leza na ule uliorudi). Kwa kazi nyingine nyingi, nanomita 785 ndiyo mahali pa kuanzia. Ukiwa hapo, acha leza itue sehemu moja na urekodi kila baada ya sekunde chache. Mteremko ukizama polepole huku vilele vikibaki na kimo chake, molekuli zinazong'aa zinachoka, na unaweza kuzisubiri kabla ya kuanza kipimo chenyewe. Karotenoidi zinahitaji tahadhari: chini ya mwanga mkali wa bluu au kijani nazo huharibika, kwa hiyo kilele chao kinachoshuka usikihesabu kama mteremko unaosafishika.

Halafu kuna melanini, rangi inayoipa ngozi weusi wake, na hapa sitapita haraka. Melanini inafyonza mwanga, inatoa mikanda miwili mipana karibu na 1380 na 1580 sm⁻¹, na inang'aa hata chini ya leza ya nanomita 785, ambayo wengi hudhani haiamshi chochote. Katika ngozi nyeusi, mteremko huu ni sehemu halali ya jibu la sampuli. Hata hivyo, taratibu nyingi za kuchuja data huziita spektra hizo «mbovu» na kuzitupa kwa kigezo cha uwiano wa ishara na kelele. Matokeo yake ni utafiti unaojiita wa ngozi ya binadamu ilhali umepima ngozi nyeupe tu. Naliona hilo kuwa kosa la kisayansi hata kabla hatujafika kwenye haki.

Vya kufanya vipo. Punguza nguvu ya leza na urefushe muda wa kukusanya mwanga. Hamia nanomita 830 ikiwezekana, au 1064 ambako fluoresensi hupungua sana. Gharama yake ijue mapema: nguvu ya mtawanyiko hushuka kwa kipeo cha nne cha urefu wa wimbi, kwa hiyo kutoka 785 hadi 1064 unabaki na chini ya theluthi moja ya ishara. Isitoshe, kitambuzi cha silikoni hakioni huko. Utahitaji cha indiamu-galiamu-aseniki, ambacho kina kelele zaidi. Kukwepea kiganjani, ambako melanini ni chache, hakusaidii sana: tabaka gumu la juu la kiganja ni nene mara nyingi kuliko la mkono, na matokeo ya sehemu hizo mbili hayalinganishiki. Na ukilazimika kutupa spektra, andika umetupa ngapi, za nani, na kwa kanuni gani iliyowekwa kabla ya kupima.

Kuhusu kuondoa mteremko kwa hesabu: polinomia, yaani mstari uliopinda unaochorwa chini ya vilele kisha kutolewa, inaondoa mlima, haiondoi kelele iliyokuja nao. Fotoni za fluoresensi zilikwisha kufika kwenye kitambuzi, na mtetemo wake wa kitakwimu unabaki hata baada ya kuutoa mstari. Ukipandisha daraja la polinomia ili mstari ukae vizuri zaidi, itaanza kufuata vilele vyenyewe, hasa mkanda mpana wa protini uitwao amidi ya kwanza, karibu na 1650 sm⁻¹, na utaona mabonde pembeni mwake ambayo hayapo katika ngozi yoyote. Jaribu daraja la nne, la tano na la sita kwenye data ileile. Hitimisho lako likibadilika kila unapobadilisha daraja, basi hitimisho hilo ni la polinomia.

Mtu anayepimwa anahisi joto

Simamisha. Usimwambie avumilie.

Kwa leza endelevu ya nanomita 785 inayokaa kwenye ngozi zaidi ya sekunde 10, mpaka wa usalama wa ngozi katika viwango vya kimataifa ni takriban wati 0.3 kwa sentimita mraba, ikipimwa kama wastani kwenye duara la milimita 3.5. Hesabu yake inakupa miliwati 28 hivi. Mpaka huo hauangalii rangi ya ngozi, wakati melanini inafyonza zaidi na kupasha zaidi. Kwa hiyo hata ukiwa ndani ya mpaka, mtu mwenye ngozi nyeusi akisema anahisi joto, yeye ndiye kipimo sahihi kuliko karatasi. Punguza nguvu, ongeza muda. Miwani ya kinga iwe machoni kwa kila aliyemo chumbani, kwa sababu leza hii karibu haionekani na jicho halitafumba kujikinga.

Mistari myembamba inayochoma juu kama sindano

Rudia kipimo. Sindano ikihama au ikipotea, ni miale ya anga iliyogonga kitambuzi. Kusanya vipande vifupi vitatu au zaidi, kisha chukua thamani ya kati kwa kila pikseli. Ikibaki palepale, zima taa za chumba. Taa za mirija huwa na gesi ya agoni, na mstari wake wa nanomita 811.5 utaonekana karibu na 417 sm⁻¹ kwa leza ya 785. Nguo nyeusi juu ya mkono na kichwa cha kifaa inamaliza tatizo hili.

Mawimbi madogo yanayojirudia kwa mpangilio

Yakiwa kama maji yaliyotupiwa jiwe, hasa upande wa mbali wa spektra, mwanga wa infraredi ya karibu unaakisiwa huku na huko ndani ya kitambuzi chembamba cha silikoni. Pima taa nyeupe iliyosawazishwa kwa njia ileile ya mwanga, kisha gawa spektra yako kwa hiyo. Yakiwa hayajirudii kwa mpangilio, rudi kwenye mteremko hapo juu.

Vilele vimehama pamoja

Silikoni inapaswa kukaa 520.5 sm⁻¹ hivi, na kilele cha pete ya molekuli ya polistireni 1001 sm⁻¹. Vikiwa vimesogea, joto la chumba au mtikisiko umeusogeza mfumo wa ndani; sawazisha upya. Nukta moja ya silikoni haitoshi: inaweza kuwa sawa huku eneo la 1650 limepotoka, ndiyo sababu polistireni au taa ya neoni inahitajika pia. Ndani ya ngozi yenyewe, kilele chembamba cha fenilalanini (asidi amino iliyomo kwenye protini) karibu na 1003 ni shahidi mzuri. Kikiwa mahali pake huku amidi ya kwanza imehama peke yake, usiiguse spektra. Huenda keratini imebadilisha umbo, na hilo ndilo ulilokuwa unalitafuta.

Maji hayaonekani

Nimeulizwa swali hili mara nyingi: «Nina kifaa cha 785, mbona sioni mkanda wa maji?» Piga hesabu. Leza ya nanomita 785 ni sawa na 12,739 sm⁻¹. Mkanda wa maji uko karibu na 3400. Toa, unabaki na 9,339, ambayo ni takriban nanomita 1071, mahali ambapo silikoni karibu imepofuka. Sasa fanya hivyo kwa leza ya 671: unafika nanomita 869, ambako kitambuzi bado kinaona vizuri. Ndiyo sababu vifaa vya kupima maji ya ngozi hubeba leza mbili, moja kwa eneo la chini na nyingine kwa eneo la juu.

Mkanda ukishaonekana, usitumie kimo chake peke yake. Ligawe eneo la maji la 3350 hadi 3550 kwa eneo la protini la 2910 hadi 2965, maana mwanga unaopungua kadiri unavyozama unapunguza yote mawili kwa pamoja. Usianzie chini ya 3350. Huko mtetemo wa N–H wa keratini unaingilia.

Kina hakiaminiki

Dalili yake ni hii: tabaka gumu la juu la mkono, ambalo kwa kawaida lina mikromita 10 hadi 20, linaonekana la mikromita 7, au maji yanapanda haraka mno, au krimu inaonekana imezama mbali kuliko inavyowezekana.

Mshukiwa wa kwanza ni lenzi kavu. Mwanga unapotoka hewani kuingia kwenye ngozi unapinda, na kitovu cha mwanga kinaangukia chini zaidi ya namba inayosomeka kwenye meza ya hadubini. Unasoma mikromita 10, kumbe umefika 15 au zaidi. Na kosa hilo halisahihishwi kwa kuzidisha tu, kwa sababu kitovu chenyewe kinarefuka kadiri kinavyozama, kwa hiyo unachosoma ni mchanganyiko wa matabaka. Tumia lenzi ya kuzamishwa kwenye mafuta au maji. Kisha hakikisha kwa filamu ya plastiki ambayo unene wake unaujua: upate mpaka wake pale unapopaswa kuwa.

Mshukiwa wa pili ni sifuri. Juu ya ngozi ni wapi? Ngozi ina mabonde na vilima, na wengine huuweka mwanzo pale wanapodhani kwa jicho. Chagua kanuni moja, kwa mfano mahali ambapo ishara ya keratini imefika nusu ya kilele chake, na usiibadilishe kutoka mtu mmoja hadi mwingine.

Wa tatu ni dirisha la kioo. Mkono ukilazwa juu yake, jasho linakosa pa kutokea, na tabaka la juu linalowa kadiri dakika zinavyopita. Kipimo cha kwanza na cha kumi si vya ngozi moja tena. Maliza kila mfululizo kwa kurudi kwenye kina cha mwanzo. Namba mbili hizo zikitofautiana kuliko mtawanyiko wa kawaida wa kipimo chako, mfululizo wote una walakini. Angalia pia shinikizo la mkono, na kioo chenyewe: kioo cha kawaida hung'aa mkanda mpana karibu na 1400 chini ya 785, na watu wameuweka kwenye majedwali kama kitu cha ngozi. Floridi ya kalisi ni safi zaidi, ina mstari mmoja tu karibu na 321.

Kipande cha maabara kina lipidi nyingi ajabu

Uliza kimetoka wapi. Kama kilihifadhiwa ndani ya nta ya parafini, vilele vya 1063, 1133, 1296 na 1441 sm⁻¹ ni vya nta, na bahati mbaya vinakalia karibu palepale pa lipidi za ngozi. Nta hubaki hata baada ya kuoshwa. Na kemikali inayoiondoa nta inaondoa pia lipidi za kweli, kwa hiyo kipande kilichosafishwa vizuri kinaweza kukueleza habari za protini, lakini kuhusu lipidi kimekwisha kunyamazishwa. Ukitaka lipidi, omba kipande kilichogandishwa, ambacho hakikupita kwenye nta wala gundi ya kukatia.

Kwenye infraredi: meno ya msumeno na maji yanayojificha

Kipimo cha infraredi kwa kubonyeza ngozi kwenye fuwele kina adabu zake. Meno ya msumeno kati ya 1400 na 1900 sm⁻¹ ni mvuke wa maji hewani, na jozi ya mikanda karibu na 2350 ni kaboni dioksidi, mara nyingi pumzi ya mpimaji. Puliza hewa kavu ndani ya kifaa, na upime upya hali ya bila sampuli kabla ya kila mtu. Kelele iliyojaa kati ya 1900 na 2300 kwenye fuwele ya almasi ni ya almasi yenyewe; liache eneo hilo.

Linalowapotosha wengi zaidi ni amidi ya kwanza. Maji yana mkanda wake karibu na 1640, umefunikwa na ule wa keratini wa 1650. Ngozi ikilowa, «keratini» inaongezeka. Linganisha na amidi ya pili ya 1550, ambayo maji hayaigusi sana: ikiwa ya kwanza imepanda peke yake, umepima unyevu.

Kumbuka pia kwamba mwanga huu hauzami. Kwa almasi kwa pembe ya digrii 45, karibu na 1650 sm⁻¹, unafika mikromita 1.2 hivi, kwa jemaniamu, 0.4. Kwa hiyo kilele kikubwa cha 1740 paji la usoni ni sebamu, mafuta yanayotolewa na ngozi, iliyolala juu, wala hakikuelezi chochote kuhusu ukuta wa lipidi ulio chini yake. Ili kuufikia ukuta huo, bandika na kubandua utepe mara kadhaa, ukipima kila baada ya kubandua, kisha ufuate kilele cha 2850: kikiwa karibu na 2848 minyororo ya lipidi imejipanga, kikisogea kuelekea 2853 imelegea. Ni tofauti ya namba chache tu, ndiyo maana usawazishaji uliofanywa wiki iliyopita hautoshi.

Kilele kipya baada ya kupaka krimu

Usishangilie bado. Urea inatoa kilele karibu na 1004, karibu kabisa na fenilalanini. Mtu aliyepaka krimu yenye urea ataonekana kama aliyeongezewa protini. Na ukiwa unagawa spektra zote kwa kilele hicho ili zilinganishike, balaa linaenea: kila kitu kingine kitaonekana kimepungua, na utaandika ripoti kuhusu upungufu wa lipidi ambao haupo. Pima krimu peke yake kwenye kioo safi, pima ngozi kabla, kisha chagua kigawio ambacho krimu haina.

Modeli inafanya vizuri kwetu, inaanguka kwa watu wapya

Hapa modeli ni programu iliyofunzwa kutabiri kitu, kwa mfano ugonjwa, kutoka kwenye spektra. Ukiwa na watu 20 na spektra 50 kwa kila mmoja, una watu 20. Spektra 1,000 hizo zikichanganywa na kugawanywa ovyo kati ya mafunzo na majaribio, modeli inajifunza kumtambua mtu: melanini yake, unene wa ngozi yake, hata siku aliyopimwa. Matokeo yanatoka mazuri mno. Gawanya kwa mtu: yeyote ambaye spektra yake moja iko kwenye mafunzo asionekane kabisa kwenye majaribio. Angalia pia kama wagonjwa walipimwa mwezi mmoja na wazima mwezi mwingine, maana modeli inaweza kuwa inasoma kalenda ya kifaa.

Kisha chora grafu ya vipimo vya silikoni vya siku zote hizo juu ya matabiri ya modeli. Vikipanda na kushuka pamoja, rudi kwenye jaribio la kubadilishana na uanze upya kutoka hapo.